Uliza Mwalimu: Shimo jeusi ukiligonga linalia vipi?

Wasomaji wangu, maswali ya hesabu za kidato cha nne nimeyaweka pembeni kwa leo, yatarudi toleo lijalo. Barua ya kwanza hapa chini nimekaa nayo siku nne na kila nikiisoma napata hamu ya kuandika zaidi, afu zikaja nyingine tatu za hukohuko kwenye mashimo meusi, basi leo ni siku yake.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko mwaka wa tatu, hisabati, hapo Mlimani. Kuna semina niliingia mtoa mada akaandika ubaoni ikwesheni ndefu, akasema hii ni ya Teukolsky, ya shimo jeusi linalozunguka likitikiswa kidogo, afu akasema "na cha ajabu ni kwamba inatengana". Waliokaa mbele wakatingisha vichwa kama wamepewa habari njema kabisa. Mimi nikaandika "inatengana" kwenye daftari na mpaka leo sijui habari njema ni ipi. Naomba unieleweshe kwa Kiswahili cha kawaida ila hesabu usinifiche.
*Mwanafunzi, Mlimani*

JIBU: Marahaba mwanangu. Neno uliloandika ndo lenyewe, ila utamu wake hutauona mpaka uone shida ilikuwa kubwa kiasi gani, kwa hiyo vumilia tuanzie mbali kidogo.

Pale kituoni Mwenge kuna kijana wa madafu na baiskeli yake, mimi ni mteja wake wa muda mrefu. Ukimwambia unataka la maji mengi hapasui ovyo. Analishika mkono wa kushoto, analigonga kwa bapa la panga, mara moja tu, analisikiliza, analirudisha, anachukua jingine anagonga tena. Siku moja nikamuuliza unasikia nini hapo? Akasema mzee, dafu na koroma hazilii sawa, kuna sauti nene na nyembamba, afu kuna inayokawia kidogo na inayokata palepale. Vitu viwili tu, na ananunua mzigo mzima kwa hivyo viwili bila kukosea sana.

Shimo jeusi nalo hatuna panga la kulipasulia. Kilichoingia hakitoki, hata mwanga. Kilichobaki ni kuligonga na kusikiliza, na hesabu yote unayoniuliza ni hesabu ya kujua mapema kwamba shimo la uzito huu na mzunguko huu likiguswa litalia nene kiasi gani na litanyamaza baada ya muda gani.

Kwa nini "likiguswa kidogo" na sio kupigwa kwa nguvu? Chukua kiwanja cha 20 kwa 20, hivi vinavyouzwa kila siku huko Chanika. Ni mita za mraba 400. Sasa sogeza mpaka sentimita 10 kwenye urefu na sentimita 10 kwenye upana, unapata 20.1 kwa 20.1, ukizidisha ni 404.01. Zile 4 ni vipande viwili virefu vyembamba, kila kimoja mita za mraba 2. Ile 0.01 ni kona, kijimraba cha sentimita 10 kwa 10, hata tofali la bloku halikai. Kona hiyo tunaitupa. Ikwesheni za Einstein za uvutano ziko kumi na zimeshikana kama wavu uliojisokota, kila kitu kinazidishwa na kila kitu, ila ukichukua shimo lililotulia ukaongeza kitikisiko kidogo, basi kila mahali kitikisiko kinapozidishwa na kitikisiko ni kona ya kiwanja, unatupa. Kinachobaki ni ikwesheni za mstari, yaani ukiwa na majibu mawili ukayajumlisha unapata jibu la tatu, na mtu wa mwaka wa tatu unajua hapo kazi inaanza kuwezekana.

Kwa shimo lisilozunguka kazi ilifanyika mapema. Jibu lenyewe la shimo hilo alilipata Schwarzschild likachapishwa 1916, na mwaka 1957 Regge na Wheeler wakaonyesha namna ya kulitikisa, Zerilli akamalizia nusu iliyobaki mwaka 1970. Shimo hilo ni duara kama chungwa, ligeuze unavyotaka ni lilelile, kwa hiyo pembe zote zinajiondoa zenyewe unabaki na umbali tu. Unapata ikwesheni moja ya wimbi linalokutana na kilima, na kilele cha kilima kiko kama mara 1.5 ya nusu kipenyo cha shimo, jirani na pale mwanga wenyewe unapoweza kuzunguka shimo kwa duara. Mwaka huohuo wa 1970 Mhindi mmoja, Vishveshwara, akalipiga shimo hilo kwa kompyuta, akalirushia mawimbi mafupi ya aina mbalimbali, na wimbi likiwa fupi vya kutosha kilichorudi kilikuwa mlio uleule mmoja unaofifia. Hiyo mimi naipenda sana, kwa sababu maana yake mlio ni wa shimo, sio wa kilicholigonga. Dafu halijali umeligonga na panga au na kijiko.

Sasa njoo kwenye linalozunguka. Jibu lake alilipata Roy Kerr wa New Zealand mwaka 1963, karibu miaka hamsini baada ya Schwarzschild, na urefu wa huo muda unakwambia ugumu wake. Shimo hilo halizunguki peke yake, linaburuta na nafasi iliyolizunguka, kama ukigeuza mwiko kwenye ugali na ugali wa karibu unafuata mwiko. Sio chungwa tena. Lina ncha na lina kiuno, na ukisogea toka ncha kuja kiunoni mambo yanabadilika. Muda unajiondoa, sawa, kwa sababu shimo leo ni kama jana. Pembe ya kulizunguka ekseli nayo inajiondoa. Ila umbali, tuuite r, na ile pembe ya kushuka toka nchani, theta, hivyo viwili vimeng'ang'aniana, na hakuna ulinganifu wowote unaouona kwa macho wa kuvitenganisha. Njia ya Regge na Wheeler ikifika hapo inazama.

Dalili ya kwanza kwamba kuna mlango mahali ilitoka kwa Brandon Carter mwaka 1968. Aligundua kwamba kitu kidogo kinachoanguka kuelekea shimo la Kerr kina kiasi cha nne kisichobadilika safari nzima, ambacho hakuna aliyekitegemea, na kwamba wimbi la aina rahisi kabisa, lile lenye namba moja tu kila mahali, linatengana r peke yake na theta peke yake. Lakini wimbi la uvutano, yaani mtikisiko wa nafasi na wakati wenyewe, sio la aina rahisi.

Aliyefungua mlango wenyewe mwaka 1972 ni Saul Teukolsky, na hapa naomba msomaji yeyote wa Afrika asome polepole, mzaliwa wa Johannesburg, aliyesoma hapohapo Chuo Kikuu cha Witwatersrand kabla hajaenda Marekani kuwa mwanafunzi wa Kip Thorne. Alikuwa na miaka 25 hivi. Alichofanya ni kukataa kushika zile namba kumi za umbo la nafasi na wakati. Akachukua lugha ambayo Newman na Penrose walikuwa wameitengeneza mwaka 1962, ambayo inapima kupinda kwa nafasi kwa kufuata miale ya mwanga, na katika lugha hiyo kupinda kote kunaandikwa kwa namba changamano tano (zile zenye sehemu halisi na sehemu ya i), wanaziita sai 0 mpaka sai 4. Sasa sikiliza vizuri, kwa shimo la Kerr lililotulia, ukichagua miale yako sawasawa, nne kati ya hizo tano ni sifuri. Inabaki sai 2 peke yake.

Fikiria kanzu nyeupe ya Ijumaa. Doa lolote ukiliona leo ni la leo. Ndo sai 0 na sai 4 zilivyo, zilikuwa sifuri, kwa hiyo chochote utakachokikuta humo ni kitikisiko chenyewe, sio kivuli kilicholetwa na namna ulivyochora ramani yako. Watu walikuwa wanahangaika sana na hilo, maana ukibadilisha kidogo tu mfumo wa kuhesabu mahali na wakati, unaona "mawimbi" ambayo hayapo. Teukolsky akaonyesha kwamba sai 0 ina ikwesheni yake yenyewe bila kuhitaji wenzake, na sai 4 yake. Hilo peke yake lingetosha kumpa heshima. Afu akajaribu kuiandika kama kipande cha r mara kipande cha theta, na ikaachia.

Ikatengana. Hiyo ndo habari njema uliyoisikia kwenye semina. Ikwesheni moja ya vigeu viwili vilivyong'ang'aniana, ambayo ungehitaji kompyuta kubwa kuipimia nukta kwa nukta, imekuwa ikwesheni mbili za kawaida, kila moja na kigeu chake kimoja, za aina ileile unayofanyia tutoriali. Na hakuna aliyekuwa na haki ya kuitegemea, umbo lenyewe halikuahidi. Kingine, ni ikwesheni ileile kwa mawimbi ya kila aina, unabadilisha namba moja tu inayoitwa s, weka 0 unapata wimbi rahisi, weka 1 au -1 unapata mwanga na redio, weka 2 au -2 unapata uvutano.

Hesabu uliomba nisikufiche. Ndani ya kipande cha r kuna kitu wanachokiita delta, r² − 2Mr + a², ambapo M ni uzito wa shimo ulioandikwa kama urefu na a ni kipimo cha mzunguko. Hiyo ni kwadratiki ya kidato cha pili. Tafuta wapi ni sifuri: r ni M kujumlisha au kutoa kipeuo cha pili cha (M² − a²). Weka a = 0.6M, kipeuo kinatoka 0.8M, kwa hiyo majibu ni 1.8M na 0.2M. Lile la 1.8M ndo upeo, mpaka ambao ukishauvuka huna njia ya kurudi. Weka a = 0 unapata 2M, shimo la Schwarzschild. Weka a kubwa kuliko M, chini ya kipeuo kunakuwa hasi na upeo unapotea, ndo maana tunasema mzunguko una kikomo. Yaani kwadratiki ile watoto wanayoilalamikia ndo inabeba mpaka wa shimo jeusi.

Mlio sasa tunaupataje? Tunaweka masharti mawili mwishoni mwa barabara. Kwenye upeo wimbi linaingia tu, halitoki. Mbali kabisa wimbi linaondoka tu, hakuna linalokuja. Gitaa lina ncha mbili zilizofungwa, nguvu inakwenda inarudi, shimo jeusi linavuja pande zote mbili, kwa hiyo mlio wake lazima ufe. Kihesabu maana yake marudio yake, omega, ni namba changamano, sehemu halisi inakwambia unene au wembamba wa sauti, na ile sehemu ya i inakwambia inakata haraka kiasi gani. Vitu viwili vya muuza madafu, ndani ya namba moja.

Ila zile ikwesheni mbili ingawa zimetengana zinachangia omega ileile na namba moja ya kiungo kati yao, kama dereva na konda, kila mtu na kazi yake ila ruti ni moja. Unabahatisha omega, unaipeleka kwa ikwesheni ya theta inakupa kiungo, unavipeleka vyote kwa r uone kama masharti yametimia, hayajatimia, unarekebisha, unarudia. Njia iliyotulia kuliko zote ni ya Leaver, 1985. Unaandika jibu kama mfululizo usio na mwisho, na kila namba kwenye mfululizo inatokana na mbili zilizotangulia. Gawanya kila namba kwa iliyo kabla yake, utajikuta una sehemu ambayo chini yake kuna sehemu nyingine, na chini yake nyingine, ghorofa kwenda chini bila kikomo. Kwa omega nyingi ghorofa hilo halikubaliani na mwanzo wake. Kwa chache linakubali, na hizo chache ndo milio ya shimo. Mbinu hii Leaver hakuitoa kwenye mambo ya anga, aliitoa kwenye kazi ya Jaffé ya 1934 ya ayoni ya molekuli ya haidrojeni, elektroni moja kati ya protoni mbili. Kitu kidogo sana kikakopesha hesabu kwa kitu kizito sana.

Namba zenyewe: shimo lisilozunguka, mlio wake mkuu, ni 0.3737 kwa sehemu halisi na 0.0890 kwa kufa. Lizungushe mpaka a = 0.7M inakuwa 0.5326 na 0.0808. Kuzigeuza kuwa sauti unahitaji namba 203,000 kwa sekunde, inayotokana na kasi ya mwanga, nguvu ya uvutano na uzito wa jua letu, unaigawa kwa uzito wa shimo ukiupima kwa majua. Shimo la majua 10 basi ni 20,300. Chukua 0.3737, gawa kwa 6.283, zidisha 20,300, unapata mara 1,207 kwa sekunde. Na muda wa kufifia ni 1 gawa kwa (0.0890 mara 20,300), karibu milisekunde 0.55. Linalozunguka kwa 0.7 linakupa kama mara 1,720 kwa sekunde na milisekunde 0.61. Umeona? Mzunguko ukiongezeka sauti inakuwa nyembamba zaidi na inakawia zaidi. Hesabu hizo umezifanya na kikokotoo cha simu.

Na zilikuja kusikika kweli. Jumatatu ya 14 Septemba 2015, saa saba kasoro dakika kumi mchana kwa saa zetu za hapa Dar, mitambo miwili ya LIGO huko Marekani, ya kusikiliza mawimbi ya uvutano, ikanasa mashimo mawili, moja la majua kama 36 na jingine 29, yakigongana na kuwa moja la kama 62. Majua 3 hivi yalitoka kama mawimbi. Mwishoni kabisa kuna mlio wa karibu mara 250 kwa sekunde unaofifia kwa milisekunde kama 4. Jaribu mwenyewe: chukua 0.53, gawa 6.283, zidisha 203,000, ugawe kwa 68 (sio 62, kwa sababu ulimwengu umetanuka wimbi likiwa njiani na kulivuta, kwetu shimo linaonekana zito zaidi kidogo). Utapata 252.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Gerezani, miaka ishirini sasa. Bomba lenye ufa ukiligonga linajitaja lenyewe, linalia kama mtu mwenye mafua. Kijana wangu kanisomea habari za hiyo sauti ya 2015. Swali langu, walijuaje ni shimo jeusi kweli na sio kitu kingine kizito kinachofanana nalo?
*Fundi, Gerezani*

JIBU: Fundi wangu, kazi njema, na nakwambia kwa moyo wote kwamba swali lako ndo linalowafanya watu wa fani hii wasilale.

Nadharia inasema shimo jeusi lililotulia linaelezwa na vitu viwili tu, uzito na mzunguko (chaji ya umeme ipo kwenye hesabu ila huko angani haihesabiki). Sasa ukisikia mlio mmoja unapata namba mbili, unene na kufifia, na kwa namba mbili unatafuta vitu viwili, uzito na mzunguko. Kwa namba mbili peke yake huwezi kulikamata shimo likidanganya, karibu kila jozi utakayosikia kuna shimo la kulingana nayo. Ufa unausikia ukipata namba ya tatu. Ukishajua uzito na mzunguko kwa mlio wa kwanza, hesabu ya Teukolsky inakwambia mlio wa pili lazima uwe wapi, hauna pa kukimbilia. Ukiukuta hapo, sawa. Ukiukuta pembeni, kile kitu sio shimo la Kerr, au Einstein ana kasoro mahali.

Mlio wa pili ni dhaifu na unakata haraka zaidi, kwa hiyo kwa sauti ya 2015 watu walibishana miaka kama upo au haupo, na mimi nadhani wabishi walikuwa na haki ya kubisha. Afu tarehe 14 Januari 2025 likanaswa tukio jingine, mashimo mawili ya majua kama 33 kila moja, karibu kufanana na lile la kwanza, ila mitambo ilikuwa imeboreshwa sana, ishara ikatoka safi zaidi ya mara tatu. Milio miwili ikapimika, na ya pili ilikuwa pale ilipotakiwa, kwa kadiri vipimo vinavyoweza kuona. Ufa mkubwa haupo. Ufa mdogo wa kama nywele bado hawawezi kuusikia, wanahitaji kugonga mengi zaidi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni nesi wa Temeke, sijasoma hesabu nyingi. Mdogo wangu kaniambia kuna kitu kinaitwa bomu la shimo jeusi, kwamba wimbi linaingia dogo linatoka kubwa, linaingia tena linatoka kubwa zaidi. Ni kweli? Na kama ni kweli mbona hayajalipuka yote?
*Nesi, Temeke*

JIBU: Dada, mdogo wako hajakudanganya. Wimbi likilikuta shimo linalozunguka, na marudio ya wimbi yakawa ya chini kuliko mzunguko wa shimo (kuna namba nzima ya kuzidishia kutegemea umbo la wimbi), basi wimbi linaporudi linakuwa limeiba nguvu kidogo ya mzunguko. Zel'dovich wa Urusi aliliona wazo hili mwaka 1971 kwa kuwaza silinda inayozunguka tu, na mwaka 2020 watu wa Chuo Kikuu cha Glasgow wakalithibitisha kwa sauti ya kawaida iliyopita kwenye diski ya sponji inayozungushwa kwa kasi. Kwa shimo jeusi, ikwesheni ileile ya Teukolsky inatoa kiasi: wimbi rahisi linaongezeka kwa asilimia 0.3 tu ukichukua hali bora kabisa, mwanga na redio asilimia 4.4, ila wimbi la uvutano linaweza kuongezeka kwa asilimia 138, yaani linarudi zaidi ya mara mbili. Na akiba ni kubwa, shimo linalozunguka kwa kikomo limehifadhi asilimia 29 ya uzito wake kwenye mzunguko.

Bomu linahitaji kioo. Press na Teukolsky ndo waliolipa jina hilo mwaka 1972: zungushia shimo kioo, wimbi litadunda na kurudi, kila mara likiongezeka. Bila kioo wimbi likishatoka limekwenda, halirudi, na shimo linabaki salama.

Ila "linabaki salama" nayo ilibidi ithibitishwe, dada, na hapo watu wamehangaika miaka. Whiting mwaka 1989 alithibitisha kwamba hakuna mlio hata mmoja wa shimo la Kerr unaokua badala ya kufifia. Hiyo ni kwa kutupa kona ya kiwanja. Bila kuitupa, na ikwesheni za Einstein zikiwa kamili, Giorgi, Klainerman na Szeftel walitoa mwaka 2022 uthibitisho kwa mashimo yanayozunguka polepole, na kazi hiyo ina kurasa zaidi ya 900. Yanayozunguka kwa kasi bado. Mtu ukisikia kurasa 900 kwa ajili ya kusema "halivunjiki" unaweza kuona ni nyingi, mimi naona ni heshima kwa swali.

SWALI: Mwalimu, nafundisha hesabu sekondari huku Mbagala, nina laptopu ya kawaida na bando la wiki. Nikitaka kuingia kwenye hii kitu nianzie wapi?
*Mwalimu mwenzako, Mbagala*

JIBU: Mwalimu mwenzangu, anza na namba changamano na ikwesheni za difarensho za kigeu kimoja, hasa namna ya kuzijibu kwa mfululizo, usikimbilie tenso (ile lugha nzito inayoandikia ikwesheni za Einstein). Watu wanaanza na tenso wanachoka kabla hawajafika kwenye utamu. Ukishaweza kupata majibu ya ikwesheni ya wimbi linalogonga kilima, fanya ile ya Regge na Wheeler kwa mkono mpaka uone kilima kinavyotokea, hapo ndo urudi kwenye Einstein kuuliza kilitoka wapi.

Programu za kuhesabu milio hii ziko bure, kuna mkusanyiko unaitwa Black Hole Perturbation Toolkit, na kwa Python kuna kifurushi kidogo kinaitwa qnm, unakipa mzunguko kinakupa omega, laptopu yako inatosha kabisa na bando halitaisha. Data za LIGO nazo ziko wazi, hata ile ya 14 Septemba 2015 unaishusha, ni faili dogo, na darasa la kidato cha sita wanaweza kuichora wenyewe wakauona mlio unavyofifia.

Hesabu ya kwanza nakupa mimi. Katikati ya galaksi yetu kuna shimo la majua milioni 4.3 hivi. Lichukulie halizunguki, tumia 0.3737 na ile 203,000, utafute likigongwa linachukua dakika ngapi kutikisika mara moja. Afu waulize wanafunzi wako kwa nini mtambo wa kusikia mlio kama huo, LISA, ambao Ulaya inapanga kuurusha mwaka 2035, lazima ukae angani na sio hapa chini tunapopita na bajaji. Majibu yao nitumieni, yatakayofika kabla ya toleo lijalo nitayachapa hapa.